Kwa Mama, Aliyeshona Sare na Mabawa

Mwaka umekatika leo, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotutoka, na cherehani yako bado iko palepale karibu na mlango, imefunikwa shuka. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Baba hupita ubavuubavu ili asiisogeze.

Ulishona sare za shule miaka thelathini na miwili. Nusu ya watoto wa mtaa huu walikwenda darasani wamevaa mishono yako. Lakini ulikuwa na wateja wengine, wale wasiojua kupiga hodi. Paka aliyenasa kichwa ndani ya kopo. Kalunguyeye aliyeungua watu walipochoma majani makavu. Mbwa aliyefungwa waya shingoni akiwa mdogo, akakua, waya ukabaki na kipimo kilekile mpaka ukazama nyamani. Mtu anakuja kuchukua nguo yake, anakuta kapu la vitambaa linalia.

"Fundi, mbona sketi yangu ina watoto?" aliuliza mwalimu mmoja.

"Ngoja wafumbue macho kwanza," ukamwambia. "Ukiwa na haraka, nitakushonea nyingine."

Daktari wa mifugo alipokuja kila Alhamisi kuchanja mbwa, ulimfuata na maswali mpaka akachoka, akakufundisha kushona vidonda. Ametuambia juzijuzi kwamba alikuwa akikuonea haya, maana mshono wako ulinyooka kuliko wake. Wewe ulisema tu, "Ngozi nayo ni nguo, ila mwenyewe hawezi kuivua."

Baba alinung'unika toka asubuhi mpaka jioni. "Nyumba hii ina wagonjwa kuliko zahanati." Lakini ni yeye, fundi baiskeli, aliyeukata ule waya wa mbwa kwa koleo lake, ameuma meno, macho kayaelekeza ukutani.

Hukuwa malaika, nasi hatutakupamba kwa kuwa hupo. Ulikuwa na ulimi. Uliunguza sufuria nyingi kwa ajili ya kunguru mmoja. Siku ya mahafali ya binti yako wa kwanza ulifika watu wameshaanza kutawanyika, una manyoya kwenye kilemba. Hakusema nawe kwa wiki nzima. Aliamini, na aliliamini jambo hilo kwa miaka, kwamba kiumbe chochote chenye kidonda kilikuwa mbele yake kwenye foleni. Tunalisema hili kwa sababu linahusika na yanayofuata.

Mlinzi wa ghala la nafaka alikuletea bundi ndani ya ndoo. Wapakiaji wa magunia walikuwa wamempiga mawe, bawa la kushoto limevunjika. Ulilifunga kwa vijiti viwili na kitambaa cha sare, bluu ile ya shule ya msingi, ukamweka kwenye tundu katika stoo ya nyuma. Daktari akasema, "Wiki sita. Akitoka kabla ya hapo, hafiki popote."

Habari ikaenea. Watu wanamwogopa bundi. Wanasema ni mkosi, akilia juu ya paa kuna mtu atakufa. Ukawaambia, "Bundi hali watu. Anakula panya wanaokula unga wenu." Walicheka, kisha wakaacha kuleta vitambaa. Wakakuita Mama Bundi, nawe ukaitika bila kuinua uso kwenye cherehani.

Wiki ya pili ukaanguka jikoni. Figo, walisema hospitali. Ukalazwa, na maneno yakapata miguu. Waliokuwa wakija kukopa chumvi wakawa wanatusalimia toka upande wa pili wa barabara. Mke wa fundi mwashi, mtu uliyemshonea watoto wake wote wanne, alisema kwa sauti dukani, "Anafuga kifo stoo, halafu mnashangaa?"

Ndipo kaka yako, Mjomba, akaja. Hakuketi.

"Huyo ndege atoke leo."

"Mama alisema wiki sita," binti yako akamjibu.

"Mama yako yuko kitandani, mwili umevimba maji. Leo likitokea la kutokea, nani atakuja hapa? Nani atabeba jeneza? Au mnataka mzike peke yenu kama wenye ukoma?"

Binti yako alikuwa ametoka kukesha nawe siku nne mfululizo. Alikuwa amechoka, na aliogopa. Hakuamini kwamba bundi anaua, lakini usiku ule wa tatu, ulipokuwa ukihema kwa shida, alijikuta akimfikiria. Na chini ya hofu, ametuambia mwenyewe, kulikuwa na ile hasira ya zamani: hata sasa, hata katika hili, kuna mnyama mbele yake.

Saa tisa alasiri alibeba tundu mpaka uwanja ulio nyuma ya nyumba, akalifungua, akalipiga teke. Bundi alitoka akitembea. Alisimama juani, amefinya macho, bawa moja limekunjuka, jingine limefungwa. Binti yako aligeuka akaondoka. Alisikia sauti za watu, kisha akasikia mawe. Hakugeuka nyuma. Anataka ujue hilo hasa, Mama: kwamba alisikia, na hakugeuka.

Jioni mdogo wake, dereva wa lori, alirudi safari akaenda kuangalia. Aliona manyoya, na kile kitambaa cha bluu bado kikiwa na fundo lako. Akachimba shimo, akafukia. Walikutana mlangoni, mikono yake bado ina udongo.

Hukupona, Mama. Tuliokuwa tukitarajia kitu, hatukukipata. Maji yalizidi. Madaktari wakatwambia tukupeleke nyumbani ukapumzike, nasi tukaelewa maana yake.

Jumatatu ile ulikuwa na akili timamu kuliko sisi sote. Ulimuuliza Baba kama amekula. Ulimwambia mwanao anyoe ndevu. Kisha ukamtazama binti yako.

"Na mgonjwa wangu?"

Mjomba akaangalia dirishani.

"Amepona, Mama," binti yako akasema. "Ameruka."

"Kabla ya wiki sita?"

"Alikuwa na nguvu."

Ulimtazama muda mrefu. Mpaka leo hatujui uliona nini. "Wewe ndiye uliyemfungulia?"

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri," ukasema. "Nilidhani huwapendi." Ukamshika mkono. Hukuuachia mpaka ulipolala, na alfajiri ulikuwa baridi bado umeushika.

Watu walikuja kuzika. Walikuja wengi, hata mke wa fundi mwashi, na alilia kuliko wengi. Wangekuja tu, Mama. Hata huyo ndege angekuwa bado stoo, wangekuja. Mjomba aliliona hilo makaburini, akakaa chini kwenye udongo na suti yake, ikabidi tumwinue.

Mwaka huu haukuwa mwepesi. Binti yako alikuwa akienda uwanjani kila alasiri, anasimama, anarudi. Mwezi wa tano alimfuata daktari wa mifugo akamwomba amfundishe. Mshono wake umepinda. Daktari anasema utanyooka. Baba amekwenda mara tatu kwa meneja wa ghala kumsihi aache sumu ya panya, kwani bundi akila panya mwenye sumu naye hafiki asubuhi. Meneja alicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka, lakini sumu bado ipo. Mlinzi naye hutupigia simu akiona mawe yameanza kuokotwa. Tumewahi mara mbili. Mara moja tulichelewa.

Mjomba hakutaka tuandike haya. "Ya nyumbani yabaki nyumbani," alisema. Baba alikuwa akiziba pancha, akasema bila kuinua kichwa, "Mficha uchi hazai. Andikeni." Mjomba akafikiri kidogo, kisha akaomba jina lake liwekwe pamoja na yetu.

Unakumbukwa na mumeo, anayelala bado upande wake wa kitanda, binti yako wa kwanza, mwanao dereva na mkewe, wajukuu wako watatu, na wa nne uliyemwacha tumboni, ambaye amepewa jina lako, kaka yako, mawifi zako wote, daktari wa Alhamisi, mlinzi wa ghala, na watoto wa shule ambao hawajui ni nani aliyewapima mabega.

Uliondoka na uongo wetu, ukiwa umetushika mkono. Kwa hiyo tunakuambia leo mbele za watu: hakuruka, Mama. Tuliogopa. Tusamehe, kama huko uliko kuna kusamehe.

Maadamu tunavuta pumzi, hutasahaulika.