Kana Kwamba Ni Wewe

Mwanangu Wilondja,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Tangu mashua yenu ilipozama ziwani, kila mtu hapa Baraka amekusemea neno, isipokuwa mimi. Mchungaji alisema, wanafunzi wako walisema, hata mwenye mashua alisema. Unanijua: sipendi kuanza sentensi ambayo sijui itaishia wapi. Na sikujua nikuandikie kwa wakati gani wa kitenzi. Juzi, tukila dagaa mezani, nilisema, "Wilondja anapenda ndagala zilizokauka vizuri." Mama yako akaweka mkono chini bila kumaliza tonge. Furaha, mke wako, akainuka akaenda nje kuangalia makaa ambayo yalikuwa yamekwisha kuzimika.

Mama yako bado anapika ugali wa watu wanne. Furaha amefunika cherehani yake kwa kitenge na hashoni, kwa sababu msiba wako haujafungwa, na mjane hafanyi kazi ya sokoni kabla msiba haujafungwa. Darasa lako la Kiingereza wamempa kijana mmoja mwenye adabu nzuri. Mkuu wa shule aliniomba nikamsikilize. Niliketi nyuma. Akaandika ubaoni: She sings as sweet as if she is a bird, anaimba kwa utamu kana kwamba ni ndege. Nikageuka kando ili nikuone ukicheka. Kisha nikachukua kofia yangu, nikatoka. Watoto walishangaa, maana hawajapata kuona kosa likiachwa ubaoni mbele yangu.

Wewe ulilijua somo hilo tangu ulipokuwa mwanafunzi wangu. Niliwaandikia: He walks as slowly as if he were carrying water, anatembea polepole kana kwamba amebeba maji. Nikasema mambo mawili. Tunasema slowly, si slow, maana neno hilo linaeleza namna ya kutembea, halimwelezi mtembeaji. Na tunasema were, si is, hata kama habari ni ya leo. Ukainua mkono ukauliza kwa nini kitenzi kirudi wakati uliopita. Nikakujibu kwamba kinarudi hatua moja nyuma ili kukiri kuwa jambo lenyewe si kweli. Mtu huyo hakubeba maji. Anayesema were anafananisha. Anayesema is anadanganya.

Ukasema, mbele ya darasa zima, "Basi Kiingereza iko na haya, Papa. Kiswahili yetu haina."

Nilikutoa nje kwa ajili ya "iko". Nikakuona dirishani ukinakili ubao huku umeegemea ukuta. Tangu siku hiyo wenzako waliniita Mwalimu Were, na vijana wa pikipiki pale sokoni wananiita hivyo hadi leo, wengine bila kujua maana yake.

Siku ile ya mashua uliniandikia kwa simu kutoka majini, kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yetu. Ulisema upepo umeanza, na nahodha anaendesha as calm as if we are on the road, kwa utulivu kana kwamba mko barabarani. Nilikujibu maneno mawili: calmly, were. Watu wakisikia habari hii hunitazama kwa huruma, wakidhani ninajuta. Sijuti. Wewe na mimi hatukuwa na njia nyingine ya kuulizana hali. Nisingekusahihisha, ungedhani ninaumwa. Nawe ulijibu. Uliandika sentensi yote upya, as calmly as if we were on the road, ukaongeza, "Umeridhika, Mwalimu Were?"

Niliandika ndiyo. Haikukufikia.

Sentensi yako ilikuwa sahihi, mwanangu. Ilisema kweli. Hamkuwa barabarani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ziwa limewarudisha wenzako. Wewe halijakurudisha. Baba yako mdogo, Asukulu, ameteremka kutoka Fizi pamoja na wazee wa ukoo. Wanasema mtu asiyepatikana huzikwa kwa shina la mgomba. Hulikata kwa urefu wake, hulivika shati lake, hulilaza kaburini, na msiba ukafungwa. Niliwaambia kwamba nitakubali, mradi watu wote waelewe kuwa ni mfano tu. Asukulu akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kabla udongo haujaanguka, baba wa marehemu husimama na kusema kwa sauti: Huyu ni Wilondja, mwanangu. Nikamwuliza kama naweza kusema "kana kwamba".

"Hapana, yaya," akasema, kwa jina analoniita kama kaka yake mkubwa. "Ukisema 'kama', kaburi itajua bado unamungojea. Itabakia wazi. Ile gramere yako uiache ku masomo."

Wazee wakacheka kidogo, kwa heshima. Mama yako alikuwa mlangoni na sahani mkononi. "Baba Wilondja," akasema, "we sema tu. Mungu iko anasikia Kiswahili ya kilio."

Sikumsahihisha.

Wakwe zako wamefika pia, kutoka Makobola. Mama yake Furaha aliketi karibu nami akaniambia taratibu kwamba kwao, ambako wakati wa vita wengi walifukiwa pamoja katika shimo moja, watu wanajua thamani ya kaburi moja, la mtu mmoja, ambalo unaweza kuweka mkono juu yake. Niliinamisha macho. Kwa neno hilo mama huyo hahitaji mwalimu wala mashahidi. Furaha mwenyewe haniombi kitu. Amesema tu, "Papa, mi nitangoja jibu yako. Lakini mashine inaanza kula kutu." Akajaribu kutabasamu. Amekonda, Wilondja. Mikono yake inashikashika pindo la kitenge mchana kutwa, kama inayotafuta uzi.

Ninaona wanachoniomba. Si jambo kubwa machoni pa mtu mwingine: maneno manne, kisha waombolezaji warudi makwao, mkeo aoge, afungue cherehani yake. Lakini maisha yangu yote nimewaambia watoto wa watu kwamba kitu kisichokuwepo lazima kiwekewe alama. Nimejaribu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, mbele ya mgomba ule ambao Asukulu ameuchagua. Nikavua kofia. Nikasema, "Huyu." Nikakwama hapo, nimesimama mbele ya mmea, mzee mzima.

Maana nikitamka "ni", nitakuwa nimesema mambo mawili kwa pamoja: kwamba shina hili ni wewe, na kwamba wewe umekufa. La kwanza ni uongo, na uongo huo ningeweza kuuvumilia, kwa ajili ya Furaha. La pili ni kweli tupu, halina kosa hata moja. Hilo ndilo nisiloweza kulitamka. Nimelitafutia "kana kwamba" ya kulificha, sikuipata.

Wazee watarudi Jumapili baada ya ibada. Hawatakubali kungoja zaidi, na wana haki. Nami sitaki mama yako aendelee kutenga fungu la nne, wala Furaha azeeke kizingitini kwa ajili ya kinywa changu kigumu.

Kwaheri, mwanangu. Angalau neno hilo nimeliandika.

Nikiisha kuamua, nitakuandikia, kwa ufupi na bila makosa. Barua hii itakaa kwenye mfuko wa koti langu, kwa kuwa sina pa kuipeleka. Nikikataa, ya pili itakaa hapo hapo pamoja nayo. Nikikubali, nitajua pa kuzipeleka zote mbili.

Mimi baba yako.