Maharage ya Baba Ndani ya Konsoli

Jumamosi, Gisenyi. Mvua ya alfajiri imekatika, lakini ukungu umekalia ziwa tangu asubuhi na baridi haijaondoka mwilini. Leo tumemaliza ikiriyo, siku za kumwomboleza baba.

Shajara, sijakuandikia tangu mazishi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuiungama kabla sijaitafutia sababu nzuri nzuri.

Nilikuwa ninacheza.

Watu wamejaa uani, wamekaa kwenye mabenchi ya kuazima, kila anayeingia anasema "mwihangane", yaani poleni, na mimi, mwanamke mzima ninayeaminiwa ofisini na karatasi za mizigo inayovuka mpaka, niko nyuma ya jiko nimeinamia konsoli ya mkononi. Wageni walidhani nimejificha nilie. Laiti wangejua. Tangu baba akate roho sikuwa nimetoa hata chozi moja, na huku kwetu watu huligundua jambo hilo haraka, hata kama hawasemi.

Nieleze mchezo wenyewe, maana bila hivyo utaniona kichaa. Mchana, mtu wako analima: anapanda, anamwagilia, anauza sokoni. Jua likizama anaweza kushuka mgodini, na huko anacheza karata na kila kiumbe anachokutana nacho. Akishinda, anachimba kwa jembe na kushuka chini zaidi. Mazao ya mchana ndiyo yanayogeuka kuwa karata za usiku, na dhahabu ya usiku ndiyo inayonunua mbegu za mchana. Waliokitengeneza kitu hiki walichukua ulevi wa aina tatu wakauchanganya kwenye chupa moja. Ukichoka kulima, karata zinakuita. Ukishindwa karata, unakumbuka nyanya zako hazijamwagiliwa. Hakuna mahali pa kusimama ukasema basi, leo inatosha.

Mimi nilianza kwa ajili ya karata. Baba ndiye aliyeleta ukulima.

Alikuwa amehamia kwangu hapa mjini baada ya miguu kuvimba na daktari kumkataza jembe. Shamba lake la kijijini Nyundo likabaki kwa jirani, naye akabaki kwenye kiti cha sebuleni, akitazama mlango. Mtu aliyelima tangu tuliporudi kutoka Congo, leo kazi yake ni kuuliza kama mvua imefika Nyundo. Jioni moja alinikuta ninacheza, akasimama nyuma yangu muda mrefu. Kisha akasema, "We mama, kwa nini unapanda viazi pale viazi ilikuwa? Hii udongo itachoka." Aliniita mama, kama wazee wa huku wanavyowaita binti zao. Nikamwambia udongo wa mchezo hauchoki. Akasema udongo wote unachoka, nimpe hiyo kintu.

Sikuipata tena mchana wowote.

Tuligawana. Mchana wa mle ndani ulikuwa wake: alilima polepole, akibadilisha mazao kila msimu ingawa mchezo haukumdai hivyo, na akaacha kipande kimoja kipumzike kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Jua likizama kwenye skrini alinirudishia. "Chukua, giza imeingia. Mutu ya akili hatembei usiku." Ule mgodi hakuupenda kabisa. Jambo moja tu la mchana lilimkera: mchezo haukuruhusu kuweka mbegu. Unavuna maharage mazuri, halafu unakwenda dukani kununua mbegu za maharage. "Huyu aliyetengeneza hii," alisema, "mama yake hakumufundisha kitu."

Na alijisifu. Dada yake, yaani shangazi yangu anayeishi Goma, alipopiga simu, baba alimwambia mwaka huu maboga iko makubwa kama viti. Shangazi akaamini. Alipovuka mpaka pale Grande Barrière kuja kumwona alikuwa amebeba gunia tupu la kurudi na maboga. Baba ilibidi amwonyeshe skrini. Shangazi alicheka hadi akakaa chini, kisha akaomba aonyeshwe kila mstari, na baba akamwonyesha kwa kidole, huku maboga, huku mahindi, hapa nimeacha udongo ulale.

Konsoli yenyewe ni ya binamu yangu wa Brussels, aliyenipa alipopata mpya. Ile mpya nimewahi kuishika. Ni pana kama sinia, inapata joto kama pasi, na betri yake haimalizi filamu moja ndefu. Yangu nayo imezeeka: kijiti cha kushoto kinajisukuma chenyewe, ukiachia kidole mtu wako anaanza kutembea kushoto hadi agonge ua. Fundi wa simu hapa mjini aliifungua, akaitazama, akaifunga. Kipuri hakuna. Kaseti siku hizi hakuna pia, kila mchezo unapakuliwa, na duka la mtandaoni la kifaa cha zamani likifungwa umefungiwa na wewe. Vifaa hivi vinaitwa vya mkononi, lakini maisha yao ni kufungwa ukutani kwa waya. Baba alilinganisha na jembe lake, ambalo lilibadilishwa mpini mara nyingi kuliko alivyokumbuka, na bado ni jembe lile lile. Aliuliza hii kintu mpini wake uko wapi.

Baba alipolazwa, hospitalini tulikwenda nayo. Baba alipanda maharage akiwa kitandani, mistari mitatu, akisukuma kijiti kwa kidole gumba ili mtu asikimbilie kushoto. Alisema yakiiva tutayavuna pamoja.

Hayakumsubiri. Au yeye hakuyasubiri.

Jioni ya mazishi nilifungua konsoli, nikakuta jua la mle ndani linazama na maharage yamebeba. Ulikuwa umebaki usiku mmoja tu. Katika mchezo huu siku haibadiliki hadi mtu wako arudi nyumbani alale. Ningemlaza, ingekuwa asubuhi, maharage yangekuwa tayari, ningeyavuna, na baada ya hapo kusingekuwa na kitu chochote cha baba kilichobaki ardhini.

Kwa hiyo sikumlaza. Nilishuka mgodini.

Mgodini hakuna saa. Unaweza kushuka na kushuka, kila ngazi ni mpya, kila mara karata zinachanganywa upya. Watu walikuja kutupa pole wakaondoka, wengine wakaja, na mle ndani ulikuwa bado usiku ule ule. Nilijua ninachofanya. Nimewahi kujidanganya kwamba ninacheza ili kupumzisha akili, lakini safari hii sikujidanganya. Nilikuwa ninazuia asubuhi.

Shangazi alinikuta siku ya tatu, mchana, nyuma ya jiko. Alisimama pale baba alipokuwa akisimama, juu ya bega langu. Kwenye skrini mtu wangu alikuwa anachimba.

"Unashika jembe?"

Nikasema ni mchezo tu, shangazi.

"Kaka yangu udongo yake iko bado mubichi. Hakuna mutu wa hii nyumba anagusa jembe. Majirani wameacha kulima kwa sababu yetu. Na we unachimba?"

Nikasema si shamba, ni mgodi. Nilisikia mwenyewe lilivyo jibu la kijinga.

"Jembe ni jembe," akasema. "Na iyo shamba ni ya kaka yangu. Alinionyesha mustari kwa mustari. Kama shamba ya Nyundo inalala, na hii inalala."

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, nikampa. Aliifunga ndani ya kipande cha kitenge, akaiweka stoo pamoja na majembe. Kwetu, siku za ikiriyo jembe haliingii ardhini hadi tutakapoliinua sote pamoja, na Shangazi aliona kosa langu lilivyo: nilikuwa ninalima kwenye msiba.

Sitasema nilishukuru. Nilimchukia hadi jioni. Kidole gumba changu kilikuwa kinasukuma kushoto na kulia kwenye kikombe cha chai, peke yake, na nilipofumba macho niliona karata. Nilikwenda stoo mara moja kutafuta ndoo ambayo sikuihitaji, nikatazama kitenge, nikatoka. Aibu ya jambo hilo ninaiandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuiandika.

Kisha, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilikaa na watu. Nilisikia walichokuwa wanasema siku zote hizo nikiwa chini ya ardhi. Jirani wa Nyundo, mzee anayepakana na shamba letu, alisema baba alimpigia simu kutoka kwenye kiti changu cha sebuleni na kumwambia, "Mi na binti yangu tunalima pamoja sasa." Mzee akataka kujua ni shamba gani hilo tulilonunua, maana hakuwahi kuliona. Watu wakanitazama nijibu. Shangazi akajibu badala yangu. "Liko," akasema. "Ni la mbali kidogo."

Hata hapo sikulia.

Leo asubuhi tumepanda kwenda Nyundo. Matope yalikuwa yanashika viatu. Shangazi ndiye aliyeinua jembe la kwanza, akapasua udongo mweusi, akanipa jembe la baba. Mbegu zilikuwa zile alizoziweka baba mwenyewe ndani ya kopo la maziwa, maharage ya rangi mchanganyiko, na kila mtu wa familia alipokea kiganja chake akapanda. Mimi mpini ulinichubua mara moja. Shangazi alinitazama, akasema, "We unalima kama mutu anaandika." Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze kicheko hakikuwa na kosa.

Tulipomaliza, alifungua mkoba wake, akatoa kitenge.

"Na ile shamba ingine?"

Nikaibonyeza. Betri ilikuwa imekufa, bila shaka. Shangazi akatikisa kichwa, akasema jembe ya kaka yake haikuomba kamwe umeme.

Kwa hiyo ni jioni hii, hapa nyumbani, wageni wamekwisha kuondoka, ndipo tulipokaa sakafuni kando ya soketi, mimi na yeye, kwa sababu waya ni mfupi. Uzee wa magoti yake haukumzuia. Skrini ikawaka. Mtu wangu alikuwa bado mgodini na jembe mkononi, mfuko umejaa dhahabu ambayo ukipanda juu kabla ya kumaliza ngazi unaipoteza yote.

Nikapanda juu. Ikapotea.

Nikamtembeza hadi nyumbani, nikikibana kijiti kwa kidole gumba kama baba alivyokibana. Kitandani mchezo uliuliza kama nataka kulala. Shangazi hajui kusoma Kiingereza, lakini alisogea karibu na skrini kama anayejua kinachoulizwa. Nikabonyeza ndiyo. Skrini ikawa nyeusi, nikaona nyuso zetu mbili ndani yake. Kisha jogoo akawika, kukawa asubuhi, na kando ya kipande kile kilichopumzishwa ilikuwa imesimama mistari mitatu ya maharage, yameiva.

Nimelia.

Nimelia kwa sauti, hadi kamasi, konsoli ikaanguka mapajani na mtu wangu akaanza kutembea peke yake kushoto hadi kwenye ua wa shamba. Nimemlilia baba na kile kidole chake kilichovimba. Shangazi hakuninyamazisha. Alisema, "Lia, mama. Ulichelewa, lakini lia." Naye akalia kidogo, kimyakimya, akajifuta na kile kitenge.

Baadaye akasema, "Bon. Vuna."

Nikavuna mstari wa kwanza. Nikavuna wa pili.

"Bakiza ya mbegu."

Nikamweleza kwamba mchezo huu hauna mbegu za kubakiza. Ukiacha mazao shambani, msimu ukibadilika yanakauka na kufutwa. Mbegu zinanunuliwa dukani.

"Nimesikia," akasema. "Bakiza."

Nimebakiza. Kisha nimezima, si kwa sababu betri imekwisha wala kwa sababu nimeshindwa karata. Nimezima tu, na sikumbuki mara ya mwisho nilipofanya hivyo.

Sidanganyi kwamba nimepona. Hata sasa ninapoandika najua ilipo, kwenye meza, na waya wake. Huenda wiki ijayo ukanikuta mgodini tena. Lakini kesho baada ya misa nitamsindikiza Shangazi hadi mpakani, kisha nitapanda kwenda Nyundo kuona kama mvua haijafukua mbegu zetu. Konsoli itabaki nyumbani. Mle ndani sasa ni asubuhi, na ninaiacha iwe asubuhi.