Dar Walibadilisha Jibu

Kaka Maduhu,

Shikamoo. Utanisamehe kwa kuchelewa. Tangu tukuzike kule Nyahanga nimeogopa kukuandikia, maana nikianza nitakuwa nimekubali kwamba hupo. Lakini hapa bandari kavu ya Isaka hakuna mwingine wa kumweleza jambo hili akalielewa.

Programu yako ya Java bado tunaitumia. Kontena likishushwa kutoka kwenye behewa naingiza namba yake, modemu inalia, programu inaiuliza kompyuta ya Dar kuna nini ndani, na jibu linakuja kwenye skrini. Makuli wananisikiliza mimi tu: kawaida, au hatari. Ulipokuwa hai sikuogopa kulitamka neno hilo. Ulikaa nyuma yangu unakunywa chai yako ya tangawizi. "Soma jibu lote, Kabula," ulikuwa ukisema. "Usisome unachokitaka tu."

Wiki iliyopita, asubuhi, lilifika kontena la mgodi mmoja wa upande wa Geita. Skrini ikaandika kawaida. Nikawaambia makuli wafungue, wagawe mzigo kwenye malori mawili.

Nilipokaa tu, nikakumbuka kitu. Tangu mvua zianze nilikuwa sijaona neno hatari hata mara moja. Migodi inajengwa kila upande, sumu ya kuchenjulia dhahabu inapita hapa hapa kwetu, inakuwaje? Nikalifungua jibu lenyewe, vile lilivyotoka Dar kabla programu haijalichambua. Kaka, lilikuwa limebadilika. Lile neno hatari wamelihamisha, wameliweka mahali pengine kwa jina jipya. Programu yako ilikuwa inachungulia pale pa zamani, haioni kitu, inaandika kawaida.

Nilikimbia bila viatu.

"Baba Neema, msifungue!"

Msimamizi wetu akanigeukia, anashangaa. "Kabula, si wewe mwenyewe umesema kawaida?"

Lakiri ya mlango ilikuwa imeshakatwa. Mlango mmoja uko wazi, na Masele, yule kuli mcheshi aliyekubeba ulipozidiwa, ameingiza kichwa na bega. Nikapiga kelele, "Yaya! Yaya!" kama bibi yangu akiona mtoto anasogelea moto. Kiswahili chote kilinitoka, hata neno hapana nikalisema kwa Kisukuma. Masele akaruka nyuma.

Ndani kulikuwa na mapipa yenye picha ya fuvu. Moja limepasuka, vitonge vyeupe vimetapakaa sakafuni. Wangevizoa kwa mikono, Kaka. Kwa mikono, halafu waende kula.

Hakuna aliyevigusa. Watu wa mgodi walikuja na barakoa zao wakasafisha. Masele akanitania kwamba nina sauti ya kuswagia ng'ombe. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya ghala nikatapika.

Nilipopiga simu Dar, bwana mmoja akanijibu kwa upole tu, "Aa, tulibadilisha. Tulimwandikia bwana Maduhu barua pepe. Hakuwaambia?"

Tulipeleka habari za msiba mpaka Kharumwa kwa wakwe zako, lakini hakuna aliyekumbuka kuwaambia wale watu wa Dar. Kwao ulikuwa bado upo.

Nikalazimika kuifungua kazi yako. Niliogopa kuigusa kuliko nilivyoogopa yale mapipa. Nilimtafuta wa kuniruhusu, hakuna. Mstari wako ulisema usipoliona lile neno, andika kawaida. Nikaufuta. Nililia, maana niliona kama nakufuta wewe. Nikaielekeza programu itafute neno pale papya, na mahali pa mstari ule nikaandika kwamba isipolielewa jibu, au jibu lisipofika kabisa, ioneshe SIJUI, na mlango usifunguliwe. Makuli wananung'unika kwamba nawachelewesha. Wanung'unike.

Lakini hofu haijaniisha. Kule Dar kuna watu nisiowajua sura, na siku yoyote wanaweza kubadilisha tena kitu. Kila modemu inapolia naangalia mikono ya Masele, naangalia skrini, na kulitamka lile neno kunakuwa kazi.

Mkeo, Mama Shija, hajambo, ila amekonda. Shija ameanza shule na anakuulizia sana.

Sasa nakuaga, Kaka, kwa kuwa siku ile pale kaburini sikuweza. Pumzika. Nakuahidi sitamruhusu mtu yeyote afungue mlango kwa jibu ambalo mimi mwenyewe sijalielewa, hata kama treni nzima itasimama inanisubiri, hata kama nitafukuzwa kazi. Na anwani yako ya barua pepe sasa naifungua mimi kila asubuhi.

Mdogo wako,
Kabula