Majina Yao Hayafanani

Lidcombe, Sydney
Australia
Jumapili, 10 Mei 2026

Mpendwa Dada Léocadie,

Kabla ya lolote nataka kujua goti lako. Mara ya mwisho uliniambia limevimba tena na kwamba kwenda kanisani sasa ni safari ya kupumzika mara tatu njiani. Je, yule daktari wa misheni amerudi Ujiji? Na macho yako bado yanaweza kusoma mwandiko wangu? Nimeandika kwa herufi kubwa kwa ajili yako.

Mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua asubuhi, maana baridi imeanza. Darlène, binti yangu, bado anawatunza wazee wa watu mchana kutwa, kisha anarudi nyumbani kunitunza mimi. Hanung'uniki, ila anaweka sufuria mezani kwa nguvu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini simu unasikia nusu, na nusu nyingine anakutafsiria jirani, na habari hii sitaki ipite mdomoni mwa jirani.

Dada, unakumbuka ulichoniambia stesheni ya Kigoma nilipokuwa naondoka kuja huku? Ulinishika mkono ukasema, "Ukimkuta huko mtu wa ukoo wa Nibigira, usimsahau." Sikumsahau. Nilimkuta.

Anaitwa Fiacre Kwizera, mjukuu wa Nibigira karani. Ana miaka arobaini, anafanya kazi kwenye ghala kubwa huko Wetherill Park, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Warundi. Ni mtu wa adabu, hilo siwezi kumnyima. Lakini kila tarehe 25 Aprili, siku ambayo nchi hii inawakumbuka askari wake, anavaa suti na medali za babu yake, anapanda treni kwenda mjini kuandamana na wenye medali. Huku mjukuu anaruhusiwa, ila azibandike kifuani upande wa kulia. Mwaka juzi alisimama ukumbini kanisani akasema babu yake alipigana Burma. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya pili, mikono yangu mapajani.

Kisa unakijua, lakini nakuandikia kama alivyokisema baba yangu, ili kiwe kwenye karatasi.

Baba yako Irankunda na baba yangu Bizimana, ndugu wa tumbo moja, walivuka mpaka mwaka 1942, wakaandikishwa Keya, jeshi la Waingereza, hapo hapo Kigoma, pamoja na Nibigira. Wote watatu walikuwa wa kilima kimoja na walikula chungu kimoja. Walipelekwa Sailoni, kile kisiwa kando ya Uhindi, kulinda bandari kwa mizinga ya kutungulia ndege. Baba yako ndiye aliyelenga, baba yangu alipakia risasi. Nibigira alijua kuandika, wakampa meza.

Katikati ya mwaka 1944 ndege za Wajapani hazikuja tena. Mizinga ilikaa imefunikwa turubai, watu wakiifuta vumbi. Huko Burma askari wa miguu walikuwa wanakwisha, basi ikaja amri: wapiga mizinga wagawanywe, wengi wapewe bunduki na wapelekwe msituni, wachache wabaki. Ofisa wao hakuwa mtu mbaya. Alisema penye ndugu wawili, mmoja abaki na mzinga.

Sasa unajua sisi. Mtoto wa kwetu hupewa jina lake mwenyewe, halifanani na la baba wala la kaka. Mzungu angejuaje? Aliita majina, Irankunda, Bizimana, wakasema wao ni ndugu, naye akamgeukia karani amthibitishie. Baba yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwenye meza ile. Nibigira hakuinua kichwa. Alisema, "Bwana, majina yao hayafanani."

Basi. Maneno manne. Na palikuwa na Nibigira mwingine kikosini, mtu wa kilima cha mbali ambaye hawakuchangia hata shangazi. Karani alimwambia ofisa kwamba huyo ni mdogo wake, na ofisa alipoona jina moja mara mbili akaridhika. Baba yako na baba yangu wakapewa bunduki wote wawili, Nibigira wa mbali naye akapewa, Nibigira karani akabaki.

Walifundishwa vita vya miguu wiki sita tu. Baba alisema jambo gumu halikuwa bunduki, lilikuwa macho. Mpiga mzinga amefundishwa kutazama juu. Siku ya tisa msituni, kabla ya kufika mto Chindwin, ilipita ndege, tena ya kwao wenyewe, imeleta chakula. Baba yako aliisikia akainua uso kama alivyozoea. Risasi ikamkuta hapo, hakuuinamisha tena. Wewe, uliyeachwa tumboni mwa mama yako, ulikuwa na mwaka mmoja, au miwili, baba hakuwa na hakika.

Hilo ndilo nimekuwa nalo miaka yote ninapomwona Fiacre akigawa viti kanisani.

Mwezi wa tatu alikuja nyumbani. Alileta ndizi na fomu. Mdogo wake, Égide Nduwayo, bado yuko kambini Nyarugusu, na Fiacre ameomba aletwe huku. Walipokimbia walikuwa wadogo, Fiacre akaandikwa kambini na familia ya shangazi, Égide na familia nyingine. Serikali imemjibu kwamba haioni ushahidi kuwa wao ni ndugu. Majina yao, Dada, hayafanani. Wamempa mpaka mwisho wa Aprili alete kiapo cha mtu mzima aliyewajua wazazi wao. Wa kilima chetu waliobaki hai Australia ni mmoja. Ndiye mimi.

Nilimwambia aiache fomu mezani.

Sitakuficha kitu. Kwa siku tisa nilikuwa mtu mwenye furaha mbaya. Nilikunywa chai nikiitazama fomu ile. Nilijifunza kusema maneno yale manne kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti. Nilimwona Égide akizeeka kambini na nikaona inatosha, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Darlène alijua. Aliniambia, "Baba, huyu Égide hajawahi hata kuiona Sailoni kwenye ramani." Nikamjibu kwamba Léocadie naye hajawahi kumwona baba yake hata kwenye picha. Aliweka sufuria mezani kwa namna ile yake.

Kilichonizuia si huruma, usije ukamwambia padri wako kwamba ni huruma. Ni kwamba siku ya kumi nilijisikia nikisema maneno yale, na sauti haikuwa yangu. Nilikuwa nimeketi mezani na kalamu, na watu wawili wamesimama mbele yangu wakingoja. Nikaona nimekalia kiti cha nani.

Basi nilijaza fomu. Kwenye swali la kwanza niliandika kwamba Fiacre na Égide ni baba mmoja, mama mmoja. Lakini fomu ile ina swali la sita: Unawafahamuje watu hawa? Wameacha mistari minne. Mimi nimefundisha shule kambini miaka kumi na mitano na najua kuandika kwa herufi ndogo ndogo. Mistari ikanitosha, na pembeni pia.

Niliandika kwamba nawafahamu kwa sababu babu yao alikuwa karani, na mwaka 1944 huko Sailoni aliulizwa swali hili hili juu ya baba yangu na kaka yake, akawakana, akampa mtu mwingine jina la udugu ili yeye abaki. Nikaandika Irankunda alikufa siku ya tisa, kwamba ana binti Ujiji, na jina lako. Nikamalizia hivi: "Mimi nimeulizwa, nami nimesema kweli."

Nikaipeleka maktaba, kwa mtu wa kushuhudia viapo anayekaa pale siku za Alhamisi. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Akagonga muhuri.

Fiacre alipokuja nilimwambia aisome mbele yangu, kwa sauti, kwa Kiswahili. Darlène alisimama mlangoni. Fiacre alisoma mpaka kwenye neno "akawakana", kisha akamalizia kwa macho tu.

"Mzee," akasema, "hili la sita lazima liwemo?"

"Limeulizwa."

"Babu alituambia alikuwa na mzinga wake mpaka siku ya mwisho."

"Hakukudanganya," nikamwambia. "Alibaki nao."

Alikaa na karatasi ile siku sita. Nilijua anapima: heshima ya babu, au mdogo wake. Nilimwacha apime, na kila siku ya zile sita ilinipendeza. Siku ya saba aliipeleka. Ameniletea nakala yenye muhuri wa serikali, ndiyo hii iliyomo ndani ya bahasha. Fomu yenyewe sasa iko kwenye makabati yao na haitoki.

Tarehe 25 hakwenda mjini. Alikuja kwangu na medali zimefungwa kwenye leso, akataka nikutumie wewe. Nilimrudishia. Medali za Sailoni hatuzitaki, baba yako alikufa Burma. Zikae kwake, sandukuni, na Égide akifika amwambie kwa nini hazivaliwi.

Usiniulize kama nimesamehe. Sijasamehe, na wewe sikuombi usamehe. Niliahidi nisimsahau, na sasa hata serikali haitasahau.

Nakala hii, ukiipata, isome nje, sio chumbani. Soma jina la baba yako kwa sauti.

Nisalimie Yvette na watoto wake, na mzee Bisimwa kama bado anakudanganya kwenye karata. Darlène anakusalimu na kukutumia shuka la mikono yake. Mungu akulinde goti na macho, akuache hapo ulipo mpaka barua hii ifike, na zaidi.

Wako akupendaye, ndugu yako kabisa, ingawa majina yetu hayafanani,

Sindayigaya