Pikipiki Isiyo na Injini

Jumatano, 9 Novemba
Maji nimeteka, maharage nimechagua, na bado ni asubuhi. Kidato cha sita kimeisha. Nasubiri kuitwa jeshini, na ninaposubiri nachagua maharage. Nayachukia.

Vitumbua vya leo vilifungwa kwenye ukurasa wa gazeti la kigeni. Picha: mtoto yuko hewani na baiskeli iliyotengenezwa kwa kuiga pikipiki za mashindano ya matopeni. Usukani umenyanyuka. Matairi yana meno. Kibao cha namba mbele, tangi la uongo katikati. Nimekula kitumbua, ukurasa nimeuficha.

Baba yuko Goweko kununua asali. Atarudi Jumatatu kwa treni. Baiskeli anayouzia asali imeegemea ukuta. Naitazama sana.

Ijumaa, 11 Novemba
Nimeng'oa keria. Nimeng'oa madigadi. Usukani nimeugeuza. Tangi ni kopo la mafuta ya taa, nimelipaka rangi nyekundu iliyobaki ya mlango. Namba saba. Kwenye spoku nimebana kipande cha boksi: tatatata.

Mama: "Baba yako akirudi, mimi simo."

Nitairudisha ilivyokuwa kabla ya Jumatatu. Naapa.

Jumapili, 13 Novemba
Nimeruka! Kwenye kichuguu, nyuma ya mtaa wa Chemchem. Magurudumu yote mawili hewani. Kwa kitambo kile sikuwa binti wa mtu.

Kisha nikakamatwa. Jumapili alasiri vyombo vya moto haviruhusiwi, kuokoa mafuta. Sefu, niliyesoma naye darasa la nne na sasa ni mgambo, akapuliza filimbi.

"Dada, zima pikipiki!"

"Sefu, hii ni baiskeli."

"Kwani mimi kiziwi? Zima!"

Nikasimama. Mlio ukakoma.

"Unaona? Umezima."

Sefu akanipeleka kwa Mzee Ramadhani, mjumbe wetu wa nyumba kumi, naye akanusa tangi. Mafuta ya taa. Akauliza injini iko wapi. Nikasema haipo. Akasema siku hizi zinafichwa. Baiskeli imebaki kwake mpaka mwenyewe aje. Miaka yote ile ya shule, nimeshindwa kueleza pedali.

Jumatatu, 14 Novemba
Baba ameitwa kwa mjumbe kabla hajatua madebe ya asali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chombo hiki ni chako?"

Baba akakizunguka. "Hapana. Mimi nina baiskeli."

Sefu akanigeukia. "Umeiba wapi, dada?"

Nilitaka kufa. Nikasema, "Baba, gusa kiti." Kile kiti alikishona mwenyewe, ngozi ya mbuzi. Akakigusa. Akafuata mshono wake kwa kidole.

Akakunja kanzu, akapanda, akakanyaga pedali. Tatatata, ua mzima.

"Imewaka!" akasema Sefu.

"Kaa kimya," akasema mjumbe, akitazama miguu ya Baba. "Chukueni baiskeli yenu."

Baba akazunguka mara ya pili. Hakuna aliyemwomba.

Nyumbani amesema neno moja tu: "Keria."

Jumanne, 15 Novemba
Kabla ya chai nimerudisha kila kitu. Keria, madigadi, usukani. Tangi nimelitia chini ya kitanda. Boksi nimelitupa jalalani.

Baba ameondoka na madebe yake bila kuniaga. Manyunyu. Nimerudi kwenye maharage.

Sasa hivi, kutoka upande wa sokoni, nasikia kwa mbali: tatatata.

Nimekwenda kuangalia jalalani. Boksi halipo.