Mbaazi tulizozifyeka ukumbini

Jumapili, baada ya misa. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimechoka. Si uchovu wa palizi, ule naujua, ukilala unaisha. Huu umekaa nyuma ya macho. Padri akihubiri nilisinzia hadi mama akanifinya paja.

Juzi na jana nilikuwa kwenye hakathoni. Najua wengi mnaopita hapa mko kidato cha tatu kama mimi na hamjawahi kwenda, kwa hiyo niseme ilivyo. Ni mashindano. Mnakaa timu, mnapewa tatizo na siku mbili, mnatengeneza programu ya kulitatua, halafu mnasimama mbele ya majaji kuieleza. Ndivyo barua ilivyosema.

Haikusema kwamba hakuna atakayewafundisha.

Ijumaa tulifika ukumbini saa mbili kasoro, watatu: Ester, Baraka na mimi. Tukapewa meza, kompyuta moja na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Tukatoa madaftari. Tukaandika tarehe, tukaandika kichwa cha habari, tukakipigia mstari kwa rula. Tukasubiri mwalimu aingie. Tulisubiri mpaka chai ya saa nne! Meza za jirani watu walikuwa wameshabandika vikaratasi vya rangi ukutani na wanabishana, sisi tukawaona wana fujo. Baraka alinyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kaka mmoja wa waandaaji akakitazama kile kidole, akashangaa.

"We dogo, nenda bwana! Nani akukataze hapa?"

"Asante, mwalimu," Baraka akasema.

Leo nacheka. Pale sikucheka, maana na mimi nilikuwa nimejibana tangu saa tatu.

Tatizo tulilopewa lilikuwa kumsaidia mkulima. Tukaamua kutengeneza programu ya kumtumia ujumbe: panda sasa, palilia sasa, vuna sasa. Ester ndiye aliyeshika kompyuta. Shuleni kwetu kompyuta moja tunaizunguka watu saba, mmoja anabonyeza na wengine wanatazama, na mbonyezaji ni Ester siku zote. Amesoma msingi shule ya Kiingereza huko Bagara wanakokaa, haogopi kitu. Tulikubaliana tuongee Kiingereza tu, kama shuleni, maana majaji walikuwa wanapitapita kusikiliza.

Mimi nimesoma msingi kwa Kiswahili. Nikiwa na neno, lazima kwanza niligeuze kichwani, na likiwa tayari, wenzangu wameshahamia jambo lingine. Ndiyo maana huwa naomba niwe katibu. Nikiinama kwenye daftari hakuna anayeniuliza kitu.

Sasa hili ndilo lililonileta hapa.

Ijumaa mchana Ester aliandika swali la kwanza la programu: shamba lako lina zao gani? Mahindi, maharage au mbaazi. Chagua moja. Akasema tukiruhusu zaidi ya moja kazi itakuwa ngumu na muda hautoshi. Akauliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye neno.

Nilikuwa nalo.

Kwetu Mutuka sijaona shamba lenye zao moja. Mahindi na mbaazi zinapandwa pamoja, mahindi yanavunwa kwanza, mbaazi zinabaki zimesimama peke yake, zinatoa maua, zinakomaa mahindi yakiwa yameshaingia ndani. Mtoto wa darasa la pili kule anajua. Nililiandika hata daftarini, nimelikuta leo, pembeni kwa penseli: "na wanaochanganya?" Nikaliwekea kiganja juu. Nikaitikia kwa kichwa.

Sawa, Ester. Sawa.

Siku ya pili siikumbuki vizuri, nakumbuka mgongo tu. Intaneti ilikuwa inakuja na kuondoka. Soketi za umeme tulizigombania. Chakula cha mchana kilifika saa tisa na nikakila bila kujua ni nini. Kilichofanya kazi asubuhi kiligoma mchana, na Ester akawa anarudia kukitengeneza huku anang'ata kucha. Sikumwona akinyanyuka kwenye kile kiti hata mara moja. Mkienda, bebeni maji na sweta, na mjue kuwa jioni ya siku ya pili mtachukiana kidogo. Ni kawaida.

Saa kumi tukaitwa mbele. Dakika tano. Ester akaeleza vizuri sana, hata mimi nilijivuna nyuma yake. Jaji mmoja, mama wa makamo ambaye ni bibi shamba, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaongea Kiswahili.

"Hongera, mwanangu. Mimi nakaa Bonga. Shamba langu lina mahindi na mbaazi. Nibonyeze wapi?"

Ester akatazama skrini. "Mahindi," akasema.

"Haya, nimebonyeza mahindi. Nimeshavuna. Unaniambia nini?"

Ujumbe ukatokea ukutani, herufi kubwa: UMEVUNA. SASA FYEKA NA USAFISHE SHAMBA LOTE.

"Kwa hiyo nikikufuata wewe, nafyeka mbaazi zangu zikiwa na maua?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nyuma mtu akapiga kelele, "Fyeka mama, fyeka!" Yule mama mwenyewe hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Ester akageuka akanitazama mimi. Si Baraka. Mimi, wa Mutuka.

Nikatazama viatu vyangu.

Hatukushinda, ila hilo si kitu, hatukwenda na matumaini ya kushinda. Lakini nje, tukimsubiri baba yake Ester aje kutuchukua, Ester alikuwa na macho mekundu. Akasema baba yake ni fundi umeme, mbaazi yeye anaijua ikiwa kwenye sahani. Akauliza, "Nyie kweli hamkujua?" Baraka akasema kwao wana duka. Wote wawili wakanigeukia.

"Sikujua," nikasema.

Hilo lilitoka haraka. Halikuhitaji kugeuzwa kichwani.

Nimekaa nalo tangu jana na ndilo linalonichosha kuliko ule ukumbi. Ester anaamini tulikosea kwa sababu hatukujua. Amebeba kicheko chote peke yake, na mimi nilikuwa na jibu chini ya kiganja.

Mchana huu mama alikuwa uani anapepeta mbaazi, upepo unamsaidia. Nikaenda na daftari, nikamuuliza kama mgeni: shamba letu lina nini?

"We Lina mwanangu, umesahau kwenu?"

"Jibu tu, mama."

"Mahindi. Mbaazi. Maharage kule mtelemkoni. Maboga yale yaliyojiotea. Na kuku wa Mama Sesilia, andika na hao, maana hawatoki."

Nikaandika yote, hata kuku. Kisha nikalichora lile swali upya: shamba lako lina nini, weka alama kila kilichopo. Na ujumbe wa baada ya kuvuna mahindi: acha mbaazi zisimame. Ukurasa mmoja tu. Kilikuwa kitu cha nusu saa, Ijumaa mchana, kwa lugha yoyote.

Ukurasa nitampa Ester kesho kabla ya paredi. Ila nikiutoa bila kusema lile neno lingine, nitakuwa nimejificha tena nyuma ya daftari. Kwa hiyo neno kwanza, ukurasa baadaye. Neno lenyewe ni fupi: nilijua tangu Ijumaa. Nimelifanyia mazoezi mara tatu kwa sauti, nikichambua mbaazi. Mbaazi hazikunicheka.

Kesho ni Ester.