Nguzo ya Sanduku la Barua

Mpendwa mwanangu Omari,

Naandika nimekaa jikoni kwa madamu, saruji imenigandia kwenye kucha na haitoki hata kwa limau. Juzi nilisimika nguzo mpya ya sanduku la barua getini. Bomba la chuma, zege mpaka chini, nikalinyoosha kwa kamba na jiwe kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Haliyumbi. Mlinzi wa nyumba ya pili, yule Mkenya, alilisukuma kwa bega akasema, "Mathe, hii hata lori haing'oi." Nikamjibu, mimi ndiye niliyemzaa fundi, unadhani ufundi aliutoa wapi?

Nilipokwisha kusema hivyo nikaokota koleo langu nikaingia ndani.

Unakumbuka ile nguzo ya mbao ilivyooza kwa maji ya bustani, madamu akakwambia wewe dereva wake uweke nyingine imara. Ulikuja na bomba na mfuko wa saruji kwenye buti. Nikakucheka. Saruji ya nini? Babu yako kule Muheza alisimika nguzo za zizi kwa kushindilia mawe na udongo tu, na ng'ombe wakajikuna pale miaka na miaka. Wewe ukasema polepole, "Mama, kule ni udongo. Huku Doha ni mchanga mtupu." Nikakwambia usinifundishe, nimeshika sururu kabla hujazaliwa. Ukacheka, ukaniachia. Tukashindilia wote wawili, wewe kwa nondo, mimi kwa mchi, jasho linatuchuruzika, nawe unaniita "injinia." Nilifurahi siku ile, Omari. Nilijiona nimekuzaa na bado nakufundisha.

Upepo wa shamali, ule wa mchanga utokao kaskazini, ulipoiangusha nguzo yetu juu ya gari jipya la madamu, kioo cha mbele chote kikaenda. Alitoka akauliza ni nani aliyesimika vile. Nilikuwa mlangoni. Nilifungua mdomo, ukaniwahi. "Ni mimi, madamu. Nilifanya haraka." Na mimi nikaufunga. Wiki ile ile wakakurudisha nyumbani. Kwenye uwanja wa ndege ulinibusu mkono, ukabeba begi lako ukaingia. Tangu hapo tukipigiana simu tunaongea habari za mvua na za mahindi yako.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Leo asubuhi madamu ameshuka garini, akaitikisa nguzo, akauliza kazi ya nani. Nikasema yangu. Akanishika bega, akasema, "Mama Omari, wewe hodari kuliko mwanao."

Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu. Mpaka alipoingia ndani ndipo nikatambua nimepokea nini.

Nimeunguza sambusa, mimi, ambaye wageni wa nyumba hii huulizia sambusa zangu kabla hawajakaa. Madamu amelala, huamka baada ya alasiri, na akiamka namwambia. Nimejifunza maneno kwa Kiarabu changu cha jikoni: kosa lilikuwa langu, Omari alikataa, mimi nilimlazimisha. Ni machache, na bado yananipotea nikifika katikati. Huenda akanyamaza. Huenda akanifungasha virago kesho, na mdogo wako chuo bado hajamaliza. Nimekwishaanza kukunja nguo zangu, kisha nikazikunjua, nikazikunja tena.

Naandika haraka, ndiyo maana mwandiko umekuwa huu. Mwalimu wangu wa darasa la saba aliusifu, muulize yeyote.

Nasikia mlango wa juu umefunguka. Anateremka.

Akinirudisha, nitakuja kwako. Usinipokee kwa kucheka, ukaniambia yameisha, mama. Nikalishe chini uniulize kwa nini nilinyamaza. Mpaka leo hujaniuliza.

Ni mimi,
mama yako